Pikapu ya Ami: fedha zilipatikana mistari ya chini

Proforma ya kwanza, yaani karatasi ya bei anayoitoa muuzaji kabla ya mauzo, ilisema shilingi 119,830,000. Mwisho wa yote, gari likiwa na namba, bima na turubai lake, gharama ilisimama kwenye 112,050,000, bila kuhesabu faida ya benki. Tofauti ni 7,780,000. Watu wa barazani wakisikia hivyo hudhani Ami alimbana muuzaji mpaka akalegeza bei. Sivyo. Bei ya gari lenyewe ilishuka 3,060,000 tu. Hizo nyingine, 4,720,000, zilitoka kwenye mistari ya chini ya karatasi, ile ambayo mnunuzi huifikia macho yakiwa yameshachoshwa na namba ya juu.

Mimi ndiye humwandalia hesabu za biashara, kwa hiyo karatasi zote zilipita mikononi mwangu. Ameniruhusu kuandika kwa sharti kwamba jina lake na majina ya wauzaji yasitokee. Nitamwita Ami, kama anavyoitwa na nusu ya Ngamiani, hapa Tanga mjini.

Mzigo kwanza, gari baadaye

Ami ananunua machungwa Muheza, na kutoka milima ya Amani anashusha karafuu, iliki na pilipili manga. Machungwa ya kwenda Dar hupakiwa kwenye Fuso la kukodi; hayahusiki na pikapu. Kazi ya pikapu ni kati ya shamba na stoo: magunia, vibarua wawili watatu, na yeye mwenyewe na fedha zake. Njia ya Amani wakati wa masika ni udongo mwekundu unaoteleza kama umepakwa mafuta, kwa hiyo foo wili kwake si anasa.

Pikapu ya zamani ilikuwa imeshafunguliwa injini mara mbili. Mtumba aliufikiria akauacha. Gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake, na kwa pikapu aliyokuwa anaiwazia kuna jambo watu hawalijui: Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. Hilux nyingi za kati ya miaka hiyo zinazokuja mtumba zimetembea nchi nyingine, Thailand kwa mfano, na historia yake ni ngumu kuifuatilia. Ami alikuwa na akiba, akataka gari ziro kilometa litakalomfikisha uzeeni.

Ubishi wa kweli ulikuwa nyumbani. Ami alitaka dabo kebini. Binti yake, ambaye ndiye aliyeshika daftari la mazungumzo yote, akamuuliza, "Baba, hao watu wa kukaa siti ya nyuma ni akina nani?" Ami akacheka, akasema wageni. Binti akachukua futi kamba wakapima sakafu ya stoo: bodi ya singo kebini ina urefu wa takriban mita 2.3, ya dabo kebini ni kama mita moja na nusu. Wakapanga magunia ya karafuu humo ndani ya chaki. Kwenye chaki ya dabo kebini magunia yalianza kupandiana mapema, na gunia la juu ndilo linaloanguka kwenye kona za Amani. Tofauti ya bei kati ya gari hizo mbili ilikuwa karibu milioni 40. Wageni wakakosa siti.

Nalitaja hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililookoa fedha nyingi kuliko mapatano yote yaliyofuata, ingawa halimo kwenye ile 7,780,000. Aliyeingia shoorumu hajui anachotaka huuziwa kilichopo yadi.

Wauzaji watatu

Tanga mjini huwezi kuchagua sana. Gari jipya ni Dar, na hasa Barabara ya Nyerere ambako wauzaji wengi wamepanga foleni. Ni kilomita kama 350 kupitia Segera na Chalinze. Kwa hiyo wiki za mwanzo zote zilikuwa za simu na WhatsApp, na mara moja wakala wa muuzaji wa kwanza alikuja Tanga, tukakaa naye kwa kahawa na kashata.

Wakala yule alikuwa na adabu zote. "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba mwanangu." Akauliza afya, watoto, msimu unaendaje. Kisha akauliza jambo ambalo hapa kwetu linasikika kama mazungumzo tu: "Kwa hiyo mzee, gari unalihitaji lini?" Na Ami, katika ukarimu wa kahawa, akajibu kwamba msimu wa machungwa umeshaanza na gari la zamani liko juu ya mawe. Akaongeza kuwa chapa ile ndiyo aliyoijua tangu kwa baba yake. Binti alinitazama. Kwa sentensi mbili wakala alishajua mteja ana haraka na ana mapenzi. Tangu hapo muuzaji huyo hakushusha hata senti. Singo kebini hana, ataiagiza, miezi minne, atangulize asilimia 30. Au achukue dabo kebini iliyopo, milioni 148, kesho kutwa anaondoka nayo.

Karatasi ya agizo ilikuwa na kitu cha kujifunza. Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni za serikali zimekataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangaziwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Zamani proforma za magari mapya zilikuwa za dola waziwazi. Ya wakala huyu ilikuwa ya shilingi, safi kabisa, lakini chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba bei inaweza kubadilika kulingana na thamani ya shilingi siku ya kukabidhi gari. Dola imetoka usoni ikakaa uvunguni. Mteja anatoa asilimia 30 leo, anasubiri miezi minne, na shilingi ikiyumba hasara ni yake. Binti aliomba sentensi hiyo ifutwe na tarehe ya kufika gari iandikwe. Wakala akasema makao makuu hawakubali. Tukaishia hapo, lakini karatasi tukabaki nayo, ilikuja kutufaa.

Muuzaji wa tatu, nianze na huyu kwa kuwa habari yake ni fupi, alikuwa na pikapu ya bei nafuu ya chapa isiyozoeleka huku. Kwa simu alitaja milioni 74. Ilipokuja proforma ikasomeka 87,320,000, kwa maana ile 74 ilikuwa bila VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Hata hivyo ilikuwa nafuu kuliko nyingine zote, na mimi si miongoni mwa wanaocheka chapa ngeni. Kilichoizuia ni spea. Binti alizunguka maduka ya spea mjini akiwa na majina ya vitu vitatu tu: filta ya dizeli, klachi na bushi za mbele. Hakuna duka lililokuwa navyo vyote vitatu. Gari likilala Amani na gunia za iliki mgongoni, nafuu ya kununua inaliwa kwa wiki moja.

Amebaki wa pili. Huyu alikuwa na singo kebini, foo wili, dizeli, nyeupe, ipo yadi. Kijana wa mauzo akatuma picha na proforma. Gari 92,000,000, VAT ya asilimia 18 ni 16,560,000, jumla 108,560,000. Usajili, namba na "maandalizi" 1,850,000. Bima kubwa ya mwaka 5,120,000. Vifaa, yaani ngao ya mbele, ndoano ya kuvutia tela, mati, plastiki ya kukinga bodi na turubai na vyuma vyake, 4,300,000. Sevisi tatu za kwanza bure.

Gari likiwa wapi?

Ami hununua machungwa yakiwa bado juu ya mti. Katika biashara hiyo bei ya mti haina maana mpaka ujue nani anachuma, nani anabeba hadi barabarani na nani anakula hasara ya yaliyooza. Kwa hiyo swali lake la kwanza kwa kijana wa mauzo lilikuwa: "Hiyo bei, mwanangu, ni ya gari likiwa wapi?" Kijana hakuelewa. Ami akafafanua: likiwa yadi kwenu, au likiwa mlangoni kwangu lina namba, lina bima, naweza kupakia kesho yake? Kutoka hapo mazungumzo yote yalikuwa juu ya bei moja, ya mlangoni. Na binti akaanza kuvunja proforma mstari kwa mstari, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

VAT. Kijana alisema, "Hiyo mzee utairudisha TRA," yaani ataidai kutoka mamlaka ya mapato. Inaweza kuwa kweli kwa mtu mwingine. Mazao ya kilimo yasiyosindikwa yamesamehewa VAT, na anayeuza vitu vilivyosamehewa hadai VAT aliyolipa kwenye manunuzi ya biashara hiyo. Kwa Ami ile 16,560,000 ni gharama, nukta. Nimewaona wafanyabiashara waliolainishwa na neno "utairudisha" wakakubali bei ya juu, kisha wakaja kuniuliza fomu ya kudai inapatikana wapi.

Maandalizi. Binti aliomba apewe mchanganuo: ada ya serikali ngapi, nyingine ni ya nini? Ikajulikana 750,000 ndiyo ya usajili na namba. Iliyobaki, 1,100,000, ni kuosha gari, kukagua na "uratibu". Kuosha gari jipya kwa milioni! Ami hakubisha. Alisema tu kwamba gari lichafu pia litamfaa, maana linakwenda shambani. Mstari huo ulifutwa siku ileile kwa simu, bila meneja kuhusishwa, jambo linaloonyesha uliwekwa ukisubiri wa kuufuta.

Bima. Wakala wa bima wa Tanga alitaja 4,400,000 kwa gari hilo hilo na masharti ya msingi yale yale. Ya shoorumu ilikuwa na nyongeza mbili ambazo hakuna aliyeziomba. Tulichoangalia ni kwamba jina la benki litaweza kuandikwa kwenye bima, kwa kuwa sehemu ya fedha ingetoka benki. Tofauti 720,000.

Vifaa. Hapa ndipo mnunuzi wa gari jipya hupoteza fedha akitabasamu. Ngao ya mbele Ami hakuihitaji, aliipenda. Ilikatwa. Vyuma vya turubai alichomelewa na fundi wa Ngamiani, akanunua turubai zito na plastiki ya bodi dukani, yote 1,400,000. Ndoano na mati aliacha vidaiwe bure mwishoni. Kutoka 4,300,000 hadi 1,400,000.

Sevisi bure. Binti aliuliza swali moja: bure ni nini? Jibu lilikuja baada ya nusu saa: bure ni kazi ya fundi, oili na filta mteja ananunua, na lazima anunue kwao ili waranti isife. Katika sevisi ya kawaida kazi ya fundi ndiyo sehemu ndogo ya bili. Akaomba iandikwe kwamba sevisi tatu zinajumuisha oili ya injini na filta. Kijana akasema atauliza. Aliuliza siku kadhaa.

Siku ya Barabara ya Nyerere

Tulifika Dar asubuhi ya siku za mwisho za Juni. Bajeti ilikuwa imeshasomwa Dodoma, na kila shoorumu ilikuwa na wimbo mmoja: Julai mosi kodi zinabadilika, mzee kamata sasa. Nilimwomba Ami aulize swali ambalo wateja hawaliulizi: "Gari hili limeshalipiwa ushuru, au bado liko bondi?" Wauzaji wakubwa wanaweza kuweka magari kwenye ghala la forodha bila kuyalipia mpaka apatikane mnunuzi, gari la namna hiyo linaguswa na mabadiliko ya Julai. Lililokwisha kulipiwa haliguswi. Kijana akajibu kwa fahari, "Hili limelipiwa tangu mwaka jana, mzee." Akajikuta ameuzima wimbo wake mwenyewe. Na zaidi ya hapo ametuambia kwamba fedha ya kampuni imelala kwenye gari hili karibu miezi sita, kama si zaidi.

Binti alikuwa ameshachuchumaa kwenye tairi. Kwenye ubavu wa kila tairi, mwisho wa herufi za DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Zilisomeka 2923, wiki ya 29 ya mwaka 2023. Kwa hiyo gari "jipya la mwaka huu" lilikuwa na matairi ya karibu miaka miwili, yaliyosimama sehemu moja, juani, karibu na bahari. Akafungua boneti, kichwa cha betri kilikuwa na unga mweupe. Kilometa zilisoma 41. Hapakuwa na udanganyifu, maana proforma haikutaja mwaka wa kutengenezwa. Neno "la mwaka huu" lilikuwa la mdomoni tu.

Tukaingia ofisini, kiyoyozi, soda. Kijana akauliza kama kuna mteja anakuja kutoka Mwanza. Yaani alimuuliza mwenzake kwa sauti ili sisi tusikie. Mwenzake akasema ndiyo, kesho. Ami akasema, "Basi Mungu amlete salama." Kisha akatoa ofa: 102,000,000 kwa gari, VAT ndani.

Kijana akaandika kwenye kikokotoo, akatugeuzia: 107,500,000. Hiyo ni chini ya milioni na laki moja kutoka bei ya juu, karibu asilimia moja, na kwa uzoefu wangu ndiyo kamba yote aliyopewa kijana wa mauzo. Hapo wateja wengi huanza kupatana naye laki kwa laki, jasho linawatoka, na yule kijana hana cha kutoa. Ami alimuuliza, "Punguzo kubwa kuliko hilo anasaini nani?" Meneja wa mauzo. "Basi mpelekee maneno yangu pamoja na hizi." Akamkabidhi proforma mbili za wauzaji wengine, na kipande cha karatasi binti alikoandika 2923.

Adhana ya adhuhuri ikaingia. Ami akanyanyuka. "Ngoja nikaswali, mwanangu." Si mbinu, mzee huyu angenyanyuka hata kama gari linateketea. Lakini matokeo yake yalikuwa bora kuliko mbinu yoyote niliyowahi kuona. Kiti kikabaki kitupu karibu saa nzima, soda haijaguswa, na kijana hakujua kama mzee atarudi. Alitoka mara mbili kuchungulia barabarani. Tuliporudi meneja mwenyewe alikuwa amekaa pale.

Meneja akasema 106,000,000. Akaeleza, na nilimwamini, kwamba chini ya hapo kila mteja atakayefuata atadai bei ileile. Hapo Ami aliacha kudai bei. Akadai vitu: matairi matano mapya, betri mpya, ndoano, mati, sevisi zenye oili na filta, na waranti ianze kuhesabiwa siku ya kukabidhiwa gari, si siku lilipoingia nchini. Na laki tano ya kuondokea.

Meneja alitoa vyote kwa haraka iliyonishangaza kidogo. Ukifikiri, ni hesabu rahisi. Matairi matano na betri sisi tungenunua kwa takriban milioni tatu na nusu. Yeye anayapata kwa bei ya jumla, na matairi ya 2923 hatayatupa. Tena punguzo la bei linaonekana kwenye ripoti ya mwezi, betri haionekani. Kwa maoni yangu matairi yale hayakuwa mabovu, yangetembea miaka. Ami anajua hivyo pia. Bei ikafungwa kwenye 105,500,000.

Jambo moja lilibaki na nusura liharibu yote: kijana alitaka ahadi za matairi na sevisi zibaki "kati yetu", proforma iandikwe bei tu. Binti akagoma. Karatasi ikachapwa upya, kila ahadi na mstari wake, saini na muhuri.

Asilimia 10 iliyokuwa ghali kuliko 16

Ami alikuwa na 60,500,000 za kutoa mara moja kwenye gari. Zilipungua 45,000,000.

Shoorumu walikuwa na mkopeshaji wao: miaka miwili, riba asilimia 10 kwa mwaka. Ilisikika tamu, kwa kuwa benki moja ya Tanga ilikuwa imetaja asilimia 16. Lakini ile 10 ilikuwa inahesabiwa juu ya deni lote la mwanzo, hata mwezi wa 23 ukiwa umebakiza kidogo: milioni 4.5 mwaka wa kwanza, milioni 4.5 mwaka wa pili, jumla 9,000,000, rejesho 2,250,000 kwa mwezi. Ile 16 ilikuwa juu ya salio linalopungua: rejesho kama 2,203,000, riba yote takriban milioni 7.9. Yaani yenye asilimia kubwa ilikuwa nafuu kwa zaidi ya milioni moja. Usilinganishe asilimia na asilimia. Uliza fedha yote itakayotoka mfukoni hadi siku ya mwisho, na uipate kwa maandishi.

Ami hakuchukua yoyote kati ya hizo. Riba hataki. Alikwenda kwenye benki inayotoa murabaha: benki inanunua gari kwa muuzaji, kisha inamuuzia yeye kwa bei yenye faida inayojulikana tangu siku ya kwanza. Faida ilikuwa milioni 8.3. Nilimwonyesha kuwa ni kama laki nne zaidi ya mkopo wa asilimia 16. Akasema hiyo laki nne haimo kwenye hesabu zangu, imo kwenye zake. Sikuwa na la kujibu, na sidhani nilipaswa kuwa nalo.

Murabaha ina utaratibu wake unaogusa mapatano: mnunuzi wa kwanza ni benki. Bei ikishaandikwa kwenye mkataba wa benki na muuzaji, punguzo litakalokuja baadaye halimfikii mteja, na faida imeshakokotolewa juu ya bei hiyo. Ndiyo maana tulimaliza kila kitu na meneja kabla benki haijapelekewa karatasi. Nimewaona waliofanya kinyume, wakaanza na benki, na wakifika shoorumu muuzaji anajua tayari kiasi walichoidhinishiwa. Hapo anapatana na kiasi hicho, na mteja amekaa tu.

Kukabidhiwa, na yaliyobaki

Namba ziliahidiwa baada ya siku tatu. Zilichukua zaidi ya wiki, na hakuna mstari wowote kwenye karatasi yetu uliosema nani analipia kuchelewa. Katika mapatano haya yote hilo ndilo tundu kubwa, kwa sababu Ami alikodi kirikuu kubebea magunia siku zote hizo, katikati ya msimu. Kama ningeandikiwa kisa cha mtu mwingine, hapo ndipo ningeweka kidole kwanza: tarehe ya kukabidhi na adhabu yake vina thamani kuliko ngao na mati. Pia ile haraka aliyoikiri kwenye kahawa na wakala wa kwanza ilikuwa na bei, ila haiwezi kuhesabika. Huyu wa pili hakuambiwa habari za msimu hata kidogo, na ndiye aliyelegeza.

Siku ya kuchukua gari binti alikwenda na orodha: funguo mbili, jeki na spana yake, tairi la akiba, kitabu cha waranti chenye tarehe ya siku ile, risiti ya EFD inayosoma 105,500,000, tarakimu za matairi mapya. Tairi la akiba lilikuwa bado 2923. Kijana akasema walidhani matano ni pamoja na... hakumaliza, akaenda kuleta la tano. Kadi ya gari ilibaki benki hadi deni liishe, kama ilivyo kawaida.

Sevisi ya kwanza ameshaifanya. Bili ilipotoka ilikuwa na oili, filta na kazi ya fundi. Binti akaonyesha karatasi yenye muhuri, wakafuta. Ikabaki 65,000 ya grisi na dawa ya kusafishia breki, ambavyo karatasi yetu haikuvitaja. Ami akalipa, akadai risiti.